Likizo ya Agosti Amu Ina Watu, Haina Shughuli

Shule zikifungwa Agosti, Amu, mji wetu wa kisiwani Lamu, hujaa. Wanaosoma bweni Mombasa na bara wanashuka boti za Mokowe na masanduku yao, wanafunzi wa vyuo vikuu wako nyumbani tangu likizo ndefu ianze, na wajukuu wa Malindi na Mombasa wanaletwa kwa bibi zao wapate kujua kwao. Ukipita Ndia Kuu baada ya Alasiri, kila hatua unampisha mtoto.

Halafu hawana la kufanya. Asubuhi wanalala, mchana wanazurura, jioni wanajipanga forodhani na simu zao mpaka chaji iishe. Waliokua kidogo wanasogea vichochoroni, na kila mzazi wa mji huu anajua vichochoroni kunauzwa nini. Majuma matatu yanakwenda hivyo, kisha masanduku yanarudi kwenye boti.

Linaniuma jambo hili, kwa sababu Amu haikukosa cha kuwapa watoto wake. Huu ni mji wa elimu tangu enzi. Wanafunzi wanatoka Afrika Mashariki nzima kuja kusoma Riyadha, msikiti na chuo cha dini, kwenye kazi aliyoianzisha mwanachuoni Habib Swaleh, aliyefariki 1935 na ambaye bado tunamtaja kana kwamba jana alipita mlangoni. UNESCO ilipouweka mji wetu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, haikutazama mawe na milango ya nakshi peke yake. Ilitazama pia kwamba humu bado mna watu wanaoishi kwa desturi zao. Watu hao ndio sisi na watoto wetu. Kilichokosekana ni kupanga.

Tazama kalenda yetu. Tamasha la Utamaduni huwekwa Novemba, kusi limekwisha na kaskazi inakaribia. Mwaka mpya Shela, kijiji jirani kisiwani humu, kuna mashindano ya mashua. Hukohuko Shela kuna pia tamasha la yoga. Yote yanakuja bahari ikiwa shwari, jua likiwaka na vyumba vya wageni vikijaa. Kusi likianza kuvuma, mji unaambiwa msimu umekwisha. Baadhi ya hoteli hufunga kabisa Mei na Juni. Mwenye hoteli simlaumu, hesabu yake ni ya vyumba. Ila sisi wengine tumeichukua hesabu hiyo tukaifanya yetu, tukaamini kwamba pasipo mgeni hapana sababu ya kutandika mkeka. Watoto wetu wakirudi Agosti, hawakuti lolote kati ya hayo.

Shughuli moja tu hapa haikuwahi kumngoja mgeni wa hoteli, nayo ni Maulidi.

Kila Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, ukiingia, mji unajua wajibu wake bila kuhimizwa. Nyumba zinapokea watu, masufuria makubwa yanatolewa stoo, vijana wanaanza kuwazoeza punda. Kilele ni Alhamisi ya mwisho ya mwezi, usiku, Riyadha, na kesho yake zefe, msafara wa Maulidi, linapita pwani kwa matwari, watu wa kila rika ndani. Lakini mimi hapa nataka kusema zaidi juu ya michezo inayozunguka ibada hiyo: bao, kuogelea, kuvuta kamba, mbio za punda, mbio za mashua. Mtoto wa Amu anaijua michezo hii kwa hamu kuliko mechi yoyote ya televisheni.

Simama forodhani siku ya punda. Kijana hakai katikati ya mgongo kama apandaye farasi. Anakaa nyuma kabisa, karibu na mkia, miguu inaning'inia, na punda mwenyewe hana tandiko. Umati umeacha njia nyembamba tu kati ya ukuta na maji. Mtu analia "Wanakuja!", watu wanarudi nyuma kwa pamoja, na kundi linapita kwa mshindo wa kwato hata huoni nani yuko mbele. Mshindi anabebwa. Kwa mwaka mzima jina lake litatajwa pamoja na la punda wake, na yeye siku zote nyingine ni kijana wa kubeba mchanga na matofali ya kujengea.

Mashua ndiyo chuo kamili. Mkondo kati yetu na kisiwa cha Manda si mpana, upepo unageuka, na nahodha asiyejua kubisha, yaani kupanda upepo kwa kukata upande huu na huu, anaachwa kabla ya boya la kwanza. Chini kumewekwa magunia ya mchanga. Kila mashua ikigeuka, magunia hayo yahamishwe upande wa upepo kabla tanga halijashika, la sivyo chombo kinalala. Kazi hiyo ni ya vijana wadogo. Nimemsikia nahodha mmoja mzee akimwita mvulana aliyekuwa akiteka maji kwa kata: "Mwanangu, yateke kwa utaratibu, usipigane nayo." Mvulana akaitikia "Ee, babu," akapunguza haraka, na maji yakaanza kupungua. Hakuna darasa la likizo nililowahi kuona likifundisha hivyo, na mtoto akakubali kufundishwa bila kununa.

Sasa, Maulidi inafuata mwezi. Kila mwaka inasogea nyuma siku kama kumi na moja. Miaka hii imekaribiana na likizo ya Agosti, ndiyo maana tumeonja jinsi mji unavyochangamka watoto wakiwa nyumbani. Itasogea tena. Itaingia Julai, Juni, na Agosti itabaki tupu. Wala si haki kuibebesha Maulidi mzigo wa likizo zote. Ile ni ibada kwanza, na michezo yake inakuja kwa heshima ya ibada hiyo. Likizo inataka ratiba yake yenyewe.

Miji mingine inayoishi kwa chuo imekwisha kulifikiria hili. Madison, jimbo la Wisconsin huko Marekani, ni mji wa chuo kikuu kikubwa. Kiangazi chao ni miezi yetu ya kusi. Tangu 1984 pana tamasha la muziki uwanjani, mbele ya jengo la bunge la jimbo, Jumatano jioni. Watu wanakuja na mablanketi na vyakula vyao, wanakaa chini na watoto. Ann Arbor, mji wa Chuo Kikuu cha Michigan, una maonyesho ya sanaa ya kila Julai tangu 1960, na tangu 1984 una tamasha la kiangazi lenye muziki na sinema za nje ambazo mtu hatozwi kitu. Sitaki tuige muziki wao. Ninachokipenda ni ile siku isiyobadilika. Jumatano ikifika, mtu habahatishi kama kuna jambo au hakuna. Anachukua blanketi lake anakwenda.

Na sisi tuna jambo moja la kutupa nguvu kuliko wao. Kule kiangazi kikiingia, wanafunzi wengi wanaondoka na wenyeji ndio wanaobaki. Amu ni kinyume: likizo ndiyo inayotuletea wanafunzi. Wanarudi wa vyuo vya Pwani, vya Nairobi, vya Mombasa, wenye umri wa miaka ishirini na kitu, wenye nguvu, wanaojua kompyuta, wanaojua kuandika barua ya kuomba ufadhili, na ambao mdogo wa darasa la saba anawatazama kwa macho mawili makubwa. Hakuna mwalimu bora kwa mtoto kuliko kaka au dada wa mtaa aliyefika chuo kikuu. Tunawaacha wakae kwenye ukuta wa forodhani miezi mitatu.

Mimi ningeanzia Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome kongwe ya mji. Kila Alhamisi ya likizo, baada ya Isha, mikeka itandikwe mbele ya Ngome. Juma hili mashairi, lijalo hadithi za wazee, lingine kirumbizi, ngoma ya fimbo, zumari lilie na vijana wafundishwe hatua na adabu ya kushika fimbo, maana kirumbizi bila adabu ni ugomvi. Mama zetu wa viazi karai, mishkaki na juisi ya ukwaju watajipanga wenyewe, hao hawahitaji kuitwa na mtu. Mchana bao lihamie kwa watoto. Wazee wa pale chini ya mti wanacheza kila siku na watoto wanapita tu, kwa sababu hakuna aliyewaambia "kaa". Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na mtoto anayeweza kuona mapema kete zake zitaishia shimo gani amekwisha kufanya hesabu ngumu kuliko ya kitabuni. Sisemi tuisheni, kwanza serikali imekataza masomo ya likizo, na hata isingekataza, mtoto anataka kupumua.

Ngome yenyewe ipo. Ilianza kujengwa 1813, ikamalizika 1821, wakoloni wakaifanya jela, na jela ikabaki mpaka 1984. Leo ina ua mkubwa na maktaba, na harusi ngapi tumezila humo. Wanafunzi wa chuo kikuu wakae hapo asubuhi mbili kwa juma, kila mmoja na watoto kumi, wasomeane kwa sauti. Jengo lililofungia watu muda mrefu hivyo lina deni la kufungulia wengine milango.

Wasichana nawataja peke yao kwa sababu ndio tunaowasahau. Mashindano ya kuogelea ni ya wavulana. Dada zao wanatazama kutoka juu ya dari au nyuma ya umati. Mtoto wa kike wa kisiwani asiyejua kuogelea ni hatari tupu, na boti tunapanda wote. Wafundishwe asubuhi na mapema, mahali pa stara, na wanawake wenzao, upande wa ndani wenye maji tulivu, si kwenye mawimbi ya Shela wakati wa kusi. Wanaojua wapo. Ni kuwaomba na kuwalipa. Na wale wasiotaka maji, kuna ushonaji wa kofia, ambao hapa wanaume na wanawake wote wanaujua, na ambao kofia moja nzuri inaweza kuchukua miezi. Likizo moja haimalizi kofia, lakini inaianza, na aliyeianza atarudi nayo shuleni.

Najua yatakayosemwa. Wazee wengine watahofia kwamba mkusanyiko wa usiku utaleta mchanganyiko usiofaa. Nawaheshimu, na hofu yao si ya bure. Ndiyo maana nataka shughuli iwe Mkunguni, mbele ya macho ya mji mzima, taa zikiwaka, wazee wenyewe wakiwa mstari wa mbele, na imalizike saa nne kasoro. Vijana watakusanyika tu, tupange tusipange. Swali ni wakusanyike mbele ya nani.

Watasema pia pesa. Mikeka tunayo. Vipaza sauti tunaazimana kila harusi. Zawadi ya bingwa wa bao wa chini ya miaka kumi na tano inaweza kuwa bao lililochongwa na fundi wa hapahapa, na fundi huyo akapata kazi. Penye gharama ya kweli ni bahari: mashua mbili za kufundishia, majaketi ya kuokolea, nahodha wa kulipwa, boti moja yenye mashine ya kufuatana nao. Hapo kaunti iingie, na wenye nyumba za Shela wanaokuja Desemba waingie pia, kwa sababu mabaharia wao wa kesho ni watoto hawa.

Ratiba ipangwe na mtu anayejua maji, si kwa kalenda ya ofisini. Siku za bamvu, maji yanapopanda sana, bahari hujaa kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, na mara nyingine hupanda mpaka forodhani. Hizo ndizo siku za kuogelea na za mashua. Mbio za punda ziwekwe siku nyingine, njia ikiwa kavu, na kila punda apitishwe kwanza kwa daktari wa pale hospitali ya punda iliyo pwani tangu 1987. Mwenye kidonda asikimbizwe, hata mwenye punda akisema ni mzima.

Barua ya kuomba ua wa Ngome inaweza kuandikwa juma hili. Wanafunzi wa mitaa ya Langoni na Mkomani wakutane wao kwa wao kwanza, kabla ya kutafuta mgeni rasmi. Mgeni rasmi anakula muda, na majuma ni matatu tu. Wachague watu sita, watatu wa kiume na watatu wa kike, waende kwa wazee wa mitaa na kwa maimamu wakiwa na karatasi moja yenye siku na saa. Mimi nitakuwapo Alhamisi ya kwanza na mkeka wangu, na kwa wale wenye watoto wadogo nimeshazungumza na jirani yangu, atapika uji wa kutosha.