Saa ya Bibi na Barabara ya Makobe

Marehemu Bibi, Mungu amrehemu, dini yake haikuwa na mzaha. Asubuhi alisomesha watoto wa mtaa Juzuu Amma barazani, ufito mapajani, ingawa ule ufito sikuuona ukimgusa mtoto hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kufukuza kuku. Alfajiri ndipo tulipomjua sisi wajukuu. Hakuita mara mbili. Unashtukia shuka limekwenda, na sauti gizani: “Swala ni bora kuliko usingizi, na maji nimeshakutekea.” Hapo utasema nini?

Nyumba yetu ilikuwa Ngamiani, Tanga, kule barabara zinakoitwa kwa namba. Juu ya kabati la vyombo, pembeni ya birika za harusi yake, Bibi aliweka saa ya adhana ambayo ami alirudi nayo Hija: ya plastiki, umbo la msikiti, minara miwili, na kitaa cha kijani kinachomemeteka inapoadhini. Mwenyewe Hija hakujaaliwa, basi ile saa ilikuwa sehemu yake ya Makka. Na sauti ilikuwa nayo! Umeme ukikatika, spika ya msikiti ikanyamaza, barabara nzima ilifuturu kwa saa ya Bibi.

Ramadhani ya mwaka 2002 iliangukia Novemba, msimu wa vuli. Betri zikaanza kuishiwa, mwadhini akawa anaadhini kama mtu mwenye mafua. Mjomba akaweka mpya, akarekebisha saa na dakika kwa kufuata redio, akajipongeza. Asichokijua ni kwamba saa ile ukiitoa betri husahau mji ilipo, inarudi ule iliopangiwa kiwandani: Makka. Majira yetu na ya Makka ni yaleyale, kwa hiyo namba zilisomeka sawasawa kabisa. Kilichotofautiana ni jua. Novemba, Makka jua linatua kwenye saa kumi na moja na dakika arobaini hivi. Tanga hapo bado una zaidi ya nusu saa ya kumeza mate.

Siku hiyo mvua ilikuwa imefunga, giza limeingia mapema, umeme hakuna. Mkekani kuna tende, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, na sambusa ambazo bado zinachuruzika mafuta. Kitaa cha kijani kikawaka. Allahu Akbar.

Aliyefunga akisikia adhana haulizi saa ngapi. Mjomba alimaliza sambusa mbili kabla mwadhini hajafika “hayya ala salaa”. Nje, jirani yetu muuza barafu, ambaye kila jioni hukaa barazani sigara mdomoni na kiberiti mkononi akisubiri, alivuta mpaka macho yakamlegea.

Tuko kwenye mihogo, mawingu yakapasuka upande wa magharibi. Jua hilo! Limekaa juu ya mapaa, halina haraka, linatutazama tunavyotafuna. Mjomba tonge likamsimama shavuni: kumeza ni dhambi, kutema mbele ya mama yake ni aibu.

Binamu yangu mmoja akajaribu kutoa fatwa. “Bibi, aliyekula kwa kusahau si saumu yake inasihi? Mungu ndiye kamlisha.”

“Hukusahau wewe,” Bibi akamjibu. “Ulikuwa unakumbuka tangu adhuhuri.”

Akahukumu: siku italipwa, na watu wote, yeye wa kwanza. Ila kuilaumu saa alikataa katakata. “Haikukosea. Ya Makka imeadhini Makka. Sisi ndio tunaokaa mbali.”

Kisha akajitanda ushungi, akachukua mwavuli, akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani kuwa saumu zao zimeharibika. Mwingine angefunga mlango akazima kibatari. Muuza barafu alimsikiliza kwa adabu zote, “Nimeelewa, Bi Mkubwa,” halafu akauliza, kwa kuwa imeshaharibika, je, anaweza kumalizia sigara. Haikuwezekana.

Kesho yake tukawa barabara ya makobe, jina la wanaokula mchana wa Ramadhani. Mpaka Iddi, watoto wa mitaa mingine wakipita walitutolea shingo.

Na mji kwenye saa Bibi hakuruhusu ubadilishwe. Iadhini ya Makka, tuiitikie, kisha tukae tusubiri yetu, mbele ya sambusa. Aliita hiyo kuifunza nafsi. Mjomba aliiita vingine, akiwa mbali na nyumba.

Alifariki miaka mingi baadaye, mwezi wa Julai, ambapo Makka jua huchelewa kutua kuliko kwetu. Siku ya hitima tulishaswali Magharibi zamani, masinia ya pilau yameteremshwa, sheikh mgeni aliyesoma dua ndiyo kwanza anapeleka tonge mdomoni, mara kutoka juu ya kabati: Allahu Akbar. Sheikh akarudisha tonge, akaanza kutafuta makubazi yake. Muuza barafu, mzee sasa, akamshika kanzu bila kuinua kichwa kwenye sinia.

“Kaa ule, sheikh. Hiyo ya Makka.”