Anayekodoa Macho Naye Ana Macho

Nimetumiwa video inayosambaa mitandaoni, ya fundi anayechomelea geti huku amevaa miwani ya jua, na kundi la watu limemzunguka likiukodolea macho ule mwanga kana kwamba ni fataki za mwaka mpya. Maoni yote yaliyoandikwa chini yake yanasifu mkono wa fundi. Ni kweli, mkono anao. Macho ndiyo sijui atabaki nayo hadi lini.

Vioo vya kuchomelea kwa umeme hupangwa kwa namba za giza, na kazi nyingi za aina hiyo huhitaji namba 10 au zaidi, ilhali miwani ya jua iliyo nyeusi kupita zote haifiki hata nusu ya hapo. Ikiwa miwani yenyewe haizuii miale ya urujuanimno (UV), ile isiyoonekana kwa macho, giza lake humfanya mvaaji aone nafuu na aendelee kutazama, huku miale ile ile ikiendelea kuunguza konea, utando angavu wa mbele ya jicho.

Lakini linaloniudhi zaidi ni hao watazamaji. Fundi walau amejifunika kwa kitu, hata kama ni cha urembo, ila mtoto aliyesimama hatua chache kutoka kwake hana chochote, na hakuna mtu mzima aliyemwambia ageuke. Adha ya mwanga huo ni kwamba hauumi papo hapo: mtu huenda zake akicheka, na saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, macho humwasha kama yaliyomwagiwa mchanga, yakatoa machozi na kukataa taa. Kwa kawaida hupona baada ya siku moja au mbili, na kwa sababu hiyo watu hulichukulia jambo hili kama mafua. Pazia la kuzuia mwanga wa kuchomelea lipo, na hata ubao uliosimamishwa vizuri ungewakinga wapita njia.

Kuhusu grainda, mashine ya kukatia na kusagia chuma, nitasema moja tu: miwani ya kusomea haina kinga pembeni, na chembe ya chuma haiji kutoka mbele peke yake.

Nakubali, shingo upande, kwamba miwani ya kinga inayobana uso huingia ukungu na kumtoa mtu jasho. Basi inunuliwe yenye matundu ya hewa, au ifutwe wakati kazi imesimama, badala ya kupandishwa kwenye paji la uso cheche zikiendelea kuruka.