Utoe damu yako mwenyewe kabla ya upasuaji? Mimi hapana

Mtu akishapangiwa upasuaji mkubwa, hakosekani ndugu wa kuuliza: kwani asitoe damu yake mapema, awekewe hiyo hiyo siku ikifika? Hofu ya damu ya mtu usiyemjua ina sababu. Kabla kipimo cha VVU hakijaanza kutumika kwenye damu ya wachangiaji mwaka 1985, watu waliambukizwa kwa kuongezewa damu, na ndipo wagonjwa wengi wakaanza kujiwekea damu yao wenyewe. Lakini leo, kwa walio wengi, naona ni hasara.

Mfuko mmoja huchukua kama mililita 450. Majimaji hurudi ndani ya siku moja au mbili; chembe nyekundu ndizo zinazochukua wiki kadhaa, na kila mfuko huondoka na miligramu 200 hivi za madini ya chuma. Nayo damu hiyo, ikikaa kwenye friji ya benki ya damu, mwisho wake siku 42. Ukiwahi mno, inaisha muda. Ukichelewa, unaingia thieta na damu pungufu. Tuseme himoglobini yako, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, ilikuwa 13, ukatoa mifuko miwili, ukafika na 11. Damu itakayokutoka, ambayo ungeivumilia bila shida, sasa inawalazimu wakuongezee. Unashukuru ulijiwekea akiba, kumbe akiba yenyewe ndiyo iliyokufanya uihitaji!

Na isipohitajika, kwa kawaida humwagwa. Hapewi mwingine, maana mgonjwa anayejiwekea damu hachujwi kwa masharti yale yale ya mchangiaji wa kawaida.

Isitoshe, kuwa yako hakuifanyi kuwa salama moja kwa moja. Bakteria wanaweza kuzaliana mfukoni, na lebo zikibadilishana kwa bahati mbaya, utawekewa ya jirani.

Mimi ningetumia wiki hizo kuongeza damu mwilini badala ya kuitoa. Pima himoglobini na akiba ya chuma mapema. Upungufu ukionekana, utibiwe kwa vidonge au kwa chuma cha kwenye mshipa. Muulize daktari kama atakupa asidi ya traneksami, dawa inayopunguza kuvuja damu. Muulize pia kama wana mashine ya kufyonza damu inayomwagika wakati wa upasuaji, kuosha chembe zake na kuzirudisha mwilini papo hapo. Hiyo nayo ni damu yako, tena haijalala friji.

Nawatoa wachache tu: wenye kundi adimu la damu, au wenye kingamwili (askari wa mwili wanaoshambulia damu ya wengine) nyingi kiasi kwamba damu ya kuwafaa haipatikani. Mwenye kundi la Bombay, lililoelezwa mara ya kwanza mwaka 1952, hawezi kupokea hata damu ya O ya kawaida. Huyo atoe akiwa mzima, bila kusubiri kupangiwa upasuaji, kwa sababu chembe nyekundu zikichanganywa na gliseroli na kugandishwa, huweza kutunzwa hadi miaka 10.