Mrija au dume: hesabu ya siku 21

Wanaotetea uhimilishaji wa ng'ombe, yaani kumtia jike mbegu kwa mrija bila dume kumpanda, wana hoja nzito. Mrija mmoja wa mbegu kutoka kituo cha taifa cha Usa River, Arusha, humpa mfugaji wa ng'ombe wawili damu ya dume ambaye asingeweza kumnunua wala kumlisha. Tena humwepusha na trikomonasi na vibrio, magonjwa ambayo dume wa kuazimana huyasambaza boma hadi boma huku mwenyewe akionekana mzima, na majike wakirudia joto, yaani hamu ya kupandwa, au kutupa mimba.

Ila kinachowakwamisha wafugaji mara nyingi si mbegu, ni saa. Joto huja kila siku 21 hivi, hudumu kwa wastani saa 12 hadi 18, na kwa zebu, ng'ombe wa nundu, huwa fupi zaidi. Yai hutoka joto likishakwisha. Ndiyo sababu aliyeonekana asubuhi huhimilishwa jioni, na wa jioni kesho yake asubuhi. Sasa fikiria mhimilishaji mmoja, pikipiki moja, kata tatu, na masika. Aidha ng'ombe anayefugwa peke yake bandani hana mwenzake wa kumpanda, kwa hiyo dalili iliyo wazi kuliko zote haionekani. Unabaki ute, mlio na maziwa kupungua, na nani anaamka usiku kuvitazama?

Dume hapigiwi simu. Hunusa, hufuata, hupanda, na hurudia usiku uleule. Joto likipita bila mimba, mfugaji amelisha siku 21 bure, na gharama hiyo haimo kwenye bei ya mrija. Wanaosema "mbegu za mrija hazishiki" hawazushi. Wanalaumu mbegu kwa kosa la muda.

Kampeni za kuwapa ng'ombe homoni ili waje joto pamoja hupunguza tatizo hilo, lakini jike aliyekonda ambaye mzunguko wake umesimama hatashtuliwa na sindano. Mwenye mimba akidungwa prostaglandini, mojawapo ya homoni hizo, kwa kutopimwa, anaweza kuitupa.

Kwa hiyo mwenye banda karibu na mji ahimilishe, mradi awe na mtu wa kutazama joto asubuhi na jioni. Mwenye kundi la mbugani, kwangu mimi, abaki na dume, lakini ampime brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, kwanza na ambadilishe kabla mabinti zake hawajafikia umri wa kupandwa, asije akawapanda. Hilo la pili ndilo wengi hulipuuza, hasa dume akiwa mpole na mnene.