Kabla ya kununua sola, halmashauri zibadilishe kwanza taa za njano

Siku hizi ukisikia halmashauri inaongelea mazingira na taa za barabarani, jua zinakuja taa za sola. Diwani anaahidi sola, mgeni rasmi anazindua sola, picha zinapigwa, na mi sina ugomvi na sola kabisa, jua tunalo la kutosha. Ila kwa mitaa ya mjini ambayo nguzo zipo na waya umeshapita, naona tunaanzia mahali pasipo sahihi. Tukianza na zile taa kuukuu za njano, za sodiamu, tukaweka LED kwenye nguzo zile zile, ndo hapo hewa ukaa inapungua kweli na bili inashuka.

Tupige hesabu. Taa ya sodiamu ya wati 250 haili wati 250, ukijumlisha na balasti yake, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa taa, inafika kama 280. Halafu sisi tuko karibu na ikweta, usiku wetu ni masaa 12 mwaka mzima, hatuna ile miezi ya Ulaya ambayo jua linazama saa nne usiku, kwa hiyo taa ya Dar au Mwanza inawaka zaidi ya masaa 4,300 kwa mwaka. Hapo ni kama uniti 1,200 kwa taa moja. Weka LED ya wati 110 pale pale inakula kama uniti 480. Yaani nguzo moja imekuokolea uniti zaidi ya 700 kila mwaka, na kama umeme wenyewe ulitoka kwenye mtambo wa gesi basi hizo ni kilo 300 na ushee za hewa ukaa. Barabara ya nguzo 100 tu, tani 30.

Kuna watakaosema sasa tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, maji hayatoi moshi, tunaokoa nini? Ni swali la haki kabisa. Lakini angalia taa zinawashwa saa ngapi, ni kwenye saa moja jioni, muda ule ule kila nyumba ina TV, feni, pasi na friji vinavuta kwa pamoja, ndo saa ambazo mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo inahitajika zaidi. Na maji nayo yana misimu yake. Mgao ule wa mwisho wa 2023 kuingia 2024 sidhani kama kuna aliyeusahau, na kila wati iliyookolewa jioni ni wati ambayo haihitaji kutafutwa.

Sasa turudi kwenye hizo sola. Nyingi zinazonunuliwa ni zile za kila kitu ndani ya boksi moja, paneli juu, betri katikati, taa chini. Zikiwa mpya zinapendeza sana. Subiri mwaka wa pili, kasimame chini ya mojawapo pembeni ya barabara ya vumbi: paneli imeshakuwa rangi ya udongo, saa moja inawaka vizuri tu, saa tatu inaanza kufifia, saa tano giza, na dada anayefunga banda lake la chips anahesabu hela kwa tochi ya simu. Betri imechoka kwa joto, maana imefungiwa juu kabisa ambako jua linapiga mchana kutwa, na ili uibadilishe inabidi ushushe taa nzima, na ukienda Kariakoo kuulizia spea ya modeli ile hupati, basi inabaki pale juu miaka na miaka. Na ile betri na paneli vilitengenezwa kiwandani, vikasafirishwa kwa meli, vina hewa ukaa yake tayari kabla hata havijapandishwa kwenye nguzo. Taa iliyokufa mwaka wa pili sioni imepunguza nini.

Los Angeles, Marekani, walianza kuweka LED 2009, wakabadilisha taa kama 140,000 kwa miaka minne hivi, na umeme wa taa hizo ukapungua kwa zaidi ya asilimia 60. Kilichonivutia pale ni hela, sehemu kubwa ilikuwa mkopo, na mkopo ukapangwa kulipwa na ile ile akiba ya bili ndani ya miaka saba. Na mji huo huo leo unahangaika na wezi wa nyaya za kopa, hata daraja lao jipya la Sixth Street liliingia gizani kwa ajili hiyo. Wezi wa kopa na sisi tunao, kwa hiyo mtu asidhani ukishafunga LED umemaliza kazi.

Ndo maana hoja yangu kubwa ni hiyo akiba. Bili ikipungua, ile tofauti itengewe fungu lake na isiguswe kwa posho wala mafuta ya magari, iende kwenye matengenezo, ikibaki ipeleke taa mtaa ambao haujawahi kuwa nazo. Wanawake wanaotoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari wanajua nachosema. Nani atengeneze? Halmashauri tayari zina asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Kikundi cha vijana waliosoma umeme VETA kikipewa mkopo wa ngazi, vifaa vya usalama na bajaji ya mizigo, kikapewa na mkataba wa kata mbili tatu, kitaijua kila nguzo kwa namba yake. Ile taa ya njano inayokaribia kufa unaijua, inawaka, inazima, baada ya dakika chache inawaka tena, usiku kucha hivyo hivyo, wiki nzima hakuna anayeripoti kwa sababu mtaani hakuna anayejua wa kumpigia. Andika namba ya simu kwenye nguzo, ni kazi ya rangi na brashi tu.

Kwenye zabuni msinunue zile LED nyeupe kali za kuumiza macho. Chama cha madaktari cha Marekani, AMA, kilishashauri tangu 2016 zisizidi Kelvin 3,000, hicho ni kipimo cha rangi ya mwanga, yaani mwanga wenye unjano kidogo. Halafu dai kinga ya umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, maana hiyo ndo inayoua LED nyingi huku kwetu, na dai waranti ya miaka mitano inayotekelezeka hapa hapa nchini.

Na sola? Iende kwenye senta za vijijini ambako waya haujafika, kwenye zahanati, kwenye mialo ya wavuvi, na iwe ile ambayo betri inakaa kwenye boksi lake peke yake, fundi wa pale pale anaifungua kwa spana na kuweka nyingine.