Hepesi: dawa huja protini ya UL9 ikishamaliza kazi

Asikloviri, dawa ya virusi vya hepesi, ya miligramu 400 inayouzwa kwenye maduka ya dawa ya Nairobi huzuia hatua ya mwisho: hujipenyeza kwenye uzi mpya wa DNA na kuukatiza. Kufikia hapo virusi vimeshaamua kuzaliana. Uamuzi wenyewe, yaani protini ya virusi kutambua mahali pa kuanzia kunakili DNA, tunaupita haraka mno, darasani na maabarani.

Hepesi simpleksi ya aina ya 1 ina jozi 152,000 hivi za herufi za DNA (A, T, G na C), na vianzio 3 tu vya kunakilia. Protini ya UL9, ikiwa imeungana mbili mbili, husaka humo herufi 11: CGTTCGCACTT. Hicho ni kisanduku cha I. Cha II kimegeukia upande wa pili na hushikwa kwa nguvu pungufu. Katikati yao zimejaa A na T, nazo hushikana kwa vifungo 2 vya haidrojeni badala ya 3 vya G na C, kwa hiyo nyuzi huachana hapo kwa wepesi. ICP8, protini nyingine ya virusi, hujiunga na mkia wa UL9 na kuzuia uzi uliofunguka usijikunje tena. UL5, UL8 na UL52, protini zinazoendelea kufungua nyuzi na kuandaa kunakili, hufuata, halafu polimerasi, kimeng'enya kinachounda uzi mpya.

Kupima utambuzi huu kwa jeli inayopitishwa umeme kunaonekana rahisi: DNA yenye alama ikishikwa na protini, hutembea polepole. Kinachoharibu kazi ni bafa (mmumunyo wa kipimo) yenye chumvi kidogo mno, maana protini hung'ang'ania DNA yoyote ile. Weka poli(dI-dC), DNA ya kutengenezwa isiyo na herufi hizo 11, iwe chambo. Kisha ongeza DNA hiyo hiyo isiyo na alama, mara 100, na kando yake nyingine iliyobadilishwa herufi. Mstari wa DNA iliyoshikwa ukifutika kwa zote mbili, hujapima utambuzi wowote.

Linaloniuma zaidi ni Burkitt, saratani ya taya za watoto ambayo Denis Burkitt aliieleza kutoka Uganda mwaka 1958. Humo virusi vya Epstein-Barr, vya ukoo wa hepesi, vimelala. Protini yao, EBNA1, hushika DNA kwenye oriP, kianzio chao cha kunakilia, kisha mashine za seli yenyewe hunakili. Polimerasi ya virusi haiguswi, basi asikloviri haina pa kushika! Hapa kuizuia EBNA1 isiitambue DNA ni shabaha halisi, na kuianza hakuhitaji virusi hai: sehemu inayoshika DNA, asidi amino 459 hadi 607, hutengenezwa ndani ya bakteria wa kawaida wa maabara.