Sukari au galiamu? Kuutafuta uvimbe kwenye kitako cha fuvu

Anayepimwa kwa PET ya sukari, yaani picha ya mwili inayopigwa kwa dawa yenye mionzi, hufunga kula kwa muda wa saa 4 hadi 6. Akishachomwa sindano hulazwa kwenye chumba tulivu, asitafune wala kupiga soga, kwa sababu msuli wa taya ukifanya kazi hunywa ile sukari yenye mionzi, FDG, na kwenye picha hung'aa kama ugonjwa. Msuli unatulizika. Ubongo je? Mtu akiwa amepumzika tu, ubongo hula karibu asilimia 20 ya glukosi ya mwili, nao umekalia kitako cha fuvu moja kwa moja.

Ugomvi wangu na FDG unaanzia hapo. Meninjioma nyingi, yaani uvimbe wa utando unaofunika ubongo, hukua polepole, hazina uchu wa sukari. Kuzitafuta kwa FDG ni kusaka kibatari katikati ya taa za uwanja wa mpira.

DOTATATE, dawa nyingine ya PET, iliyobebeshwa galiamu-68 yenye mionzi, haijali sukari. Inanasa kwenye SSTR2, kipokezi cha homoni ya somatostatini ambacho meninjioma karibu zote zinacho. Ubongo unabaki giza, uvimbe unawaka. Wapo wanaouliza, kwani MRI, picha ya sumaku, haitoshi? Kuuona uvimbe kwa mara ya kwanza, mara nyingi inatosha. Kasheshe huja baada ya upasuaji, kovu na mabaki vinapofanana, au uvimbe unapokuwa umejipenyeza ndani ya mfupa. Daktari wa tibamionzi anayechora mpaka wa kuchoma, na neva ya jicho iko milimita chache pembeni, anahitaji kujua kipi ni kipi. Paraganglioma za eneo hilo, uvimbe wa chembe za neva, nazo huwaka vizuri kwa DOTATATE.

Tatizo ni kwamba tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, nayo huwaka, hata ikiwa nzima kabisa. Meninjioma ikiikumbatia, picha inatoa mng'ao mmoja, na msomaji hurudi kwenye MRI kutafuta mpaka. Baadhi ya kasoro za mfupa zisizo saratani pia huokota galiamu kidogo.

FDG nayo isitupwe. Kwa saratani ya nyuma ya pua, ambayo Kenya inaijua vizuri, ndiyo inayokagua mwili mzima na kuonyesha kama ugonjwa umefika kwenye tezi za shingo, mifupa au ini.

Halafu kuna saa. Florini-18 ya FDG hupungua nusu kila dakika 110, galiamu-68 kila dakika 68. Pakia FDG Nairobi, lori lifike Mombasa baada ya safari ya saa 8: imebaki kama asilimia 5. Galiamu ingebaki chini ya asilimia 1. Kwa hesabu hiyo galiamu inashindwa, ila yenyewe haihitaji saiklotroni, mtambo mkubwa unaotengeneza florini-18. Hukamuliwa hospitalini kutoka jenereta ya germaniamu-68, inayogeuka galiamu na kupungua nusu kila siku 271, kwa hiyo chombo kimoja hukamuliwa kwa miezi mingi. Ni ghali, na wagonjwa wakiwa wachache kinachakaa bure, ndiyo maana mhasibu wa hospitali huchagua FDG.

Hata hivyo, kwa mtu aliyetolewa meninjioma na MRI yake ina utata, ningemsafirisha aifuate galiamu. Jibu la FDG kwamba "pako safi" mahali pale halimwambii chochote.